Je, Wajua? Kizimba, Jukwaa na Mkalimani

Je, wajua kwamba ile nyundo ya mbao ambayo kila hakimu wa kwenye filamu huigonga mezani si kifaa cha majaji wa Kiingereza? Ni mazoea ya Marekani, yakasambazwa na sinema. Mahakama zetu nyingi huku zilirithi wigi, majoho na usumbufu wote wa Waingereza, lakini nyundo haikuwemo kwenye furushi.

Niliyakumbuka hayo siku nilipopanda minibasi kutoka Mtandire, mtaa wa Lilongwe, kwenda Dzaleka kuwaona vijana wakifanya mazoezi ya mchezo wa kesi. Kizimba kilikuwa kreti mbili za soda. Joho la jaji lilikuwa kitenge cheusi chenye maua ya njano, kimegeuzwa ndani nje ili maua yasionekane sana. Na nyundo? Mchi wa kutwangia sombe, ulioazimwa kwa mama jirani, ambaye tayari alikuwa ameshapita mara mbili kuuliza kama wamemaliza. Nilitaka kuwaambia habari ya nyundo nikanyamaza. Mchi ule ulipogongwa, hata watoto waliokuwa wakichungulia dirishani walikaa kimya.

Je, wajua kwamba kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi Dzaleka ilikuwa gereza? Iko wilaya ya Dowa, kilomita arobaini na kitu kutoka Lilongwe, na wakati wa Rais Hastings Kamuzu Banda ndiko walikopelekwa wengi waliothubutu kufungua mdomo. Kwa Kichewa kuleka ni kuacha, na wenyeji wengi hulifungamanisha jina hilo na gereza: ukitoka huko, utakuwa umeacha. Wakimbizi walianza kupokelewa hapo mwaka 1994, mwaka uleule ambao Kamuzu alishindwa uchaguzi. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na lugha inayowaunganisha sokoni, kisimani na jukwaani ni Kiswahili.

Je, wajua kwa nini hakuna tamthilia nyingi za kesi za enzi zile za Malawi? Sababu moja ni kwamba kesi zenyewe hazikuwepo. Kanuni za usalama za mwaka 1965 zilimruhusu mkubwa kumweka mtu ndani bila shtaka na bila tarehe ya kutoka. Mshairi Jack Mapanje alikamatwa Septemba 1987, akawekwa gereza la Mikuyu, Zomba, akaachiwa Mei 1991, na kwa muda wote huo hakusomewa shtaka hata moja. Mwandishi wa mchezo wa mahakamani huanzia kwenye mwenendo wa kesi: nani kasema nini, wakili kajibu vipi. Hapa angeanzia wapi?

Na hata angepata pa kuanzia, kuanzia mwaka 1968 kulikuwa na sheria ya udhibiti wa maonyesho. Mswada ulisomwa kwanza na wakubwa, ndipo jukwaa likafunguliwa.

Je, wajua kwamba Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau nchini Kenya, hakunyongwa kwa kosa la uasi, wala la mauaji? Shtaka lilikuwa kupatikana na bastola na risasi 6, kinyume cha kanuni za hali ya hatari. Alipigwa risasi ya mguu na kukamatwa ukingoni mwa msitu karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Kesi ilianza 19 Novemba mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee wa baraza watatu, na kufikia tarehe 27 hukumu ilikuwa imeshatoka. Siku tisa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa kaburi lisilo na alama.

Miaka ishirini baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walikaa kuandika mchezo juu ya kesi hiyo. Kwanza walifunga safari hadi Karunaini, alikozaliwa Kimathi, wakawasikiliza waliomjua. Kisha wakafanya jambo ambalo wanafunzi wa fasihi hulipita haraka: katika dibaji walitangaza kwamba hawakukusudia kunakili kesi ya Nyeri, ambayo kwao ilikuwa mzaha mtupu. Walichoandika ni kesi ambayo wakulima na wafanyakazi wa Kenya wangeiona kama wangekaa wao kwenye kiti cha jaji. Mchezo ulitoka mwaka 1976. Kiswahili chake, *Mzalendo Kimathi*, kilitafsiriwa na Raphael Kahaso, kikatoka mwaka 1978.

Anzia pale mwanzo, shtaka linaposomwa. Jaji anamuuliza mshtakiwa: ni kweli au si kweli? Kimathi kimya. Jaji anarudia. Kimya. Kwa mwigizaji hii ni kazi kuliko hotuba zote zitakazofuata, kwa sababu kunyamaza jukwaani si kuishiwa maneno. Mwigizaji mchanga akipewa kimya hukijaza: atakunja uso, atapumua kwa nguvu, atatazama dari kama anayemngoja malaika. Nimewahi kumwona mmoja akitikisa kichwa mara nane, nilihesabu. Anayeijua kazi yake hasogezi hata kidole, na anayehangaika ni jaji. Hapo ukumbi mzima unatambua nani mwenye mahakama.

Sasa upande wa pili. Je, wajua kwamba nakala ya mwenendo wa kesi ya kweli haikuonekana kwa miaka mingi, hata watafiti wakaihesabu kuwa imepotea? Mwanahistoria Julie MacArthur aliipata, na mwaka 2017 ikachapishwa kitabuni. Humo Kimathi hakunyamaza. Alitoa ushahidi, akahojiwa, na utetezi wake ulikuwa kwamba siku ile alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Kuna waliokasirika kusoma hivyo, kana kwamba shujaa amewasaliti. Mimi sikukasirika. Mtu ana jeraha la risasi, kamba inamngoja, na kila analosema linapita kwanza kwa mkalimani kabla halijafika kwenye karatasi ya jaji: anayetaka kuyapima maneno yake na ampime na mkalimani pia. Na kama ningekuwa mwigizaji, huyu Kimathi wa kwenye karatasi ndiye ningetamani kumcheza. Ni mgumu zaidi kumshika.

Je, wajua kwamba katika mchezo huo jaji na mwendesha mashtaka ni mtu mmoja? Anaitwa Shaw Henderson, na ndiye pia anayemfuata Kimathi selo kumshawishi. Mtazamaji asiye na habari hudhani kikundi kimepungukiwa waigizaji.

Lakini Unguja jambo hilo halikuwa igizo. Baada ya Mzee Abeid Karume, Rais wa Zanzibar, kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, kesi ya uhaini ilisikilizwa kwenye mahakama ya wananchi ambayo haikuruhusu mawakili. Mwanasheria Mkuu akaendesha mashtaka, na papo hapo akasimama upande wa utetezi. Mmoja wa washtakiwa, Abdulrahman Babu, alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani hapo. Mtunzi angeandika hivyo, muongozaji angemrudishia mswada: bwana, nani ataamini?

Je, wajua kwamba mkalimani wa kwanza wa kesi ya Kapenguria alikuwa Louis Leakey, yuleyule mchimbua mafuvu? Alizaliwa Kabete, Kikuyu akikijua tangu utotoni, na alikuwa ameshaandika kitabu dhidi ya Mau Mau. Wakili D. N. Pritt, aliyetoka London kumtetea Jomo Kenyatta na wenzake watano, alipinga: mtu mwenye upande atafasiri vipi bila upande? Wakavutana, mwisho Leakey akajitoa. Kwenye tamthilia nyingi za mahakamani mkalimani hupewa mistari miwili na kiti cha pembeni. Kapenguria alikuwa nusu ya kesi.

Na wapi kesi hiyo ilisikilizwa? Katika darasa la shule, mwisho wa barabara, mbali na Nairobi, mbali na mawakili, mbali na umati. Washtakiwa walikuwa Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Jaji Ransley Thacker alikuwa ameshastaafu, akarudishwa kwa kazi hiyo moja, na akalipwa pauni 20,000. Tarehe 8 Aprili 1953 akawapa miaka saba kila mmoja, kwa kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, akaendelea kukaa kizuizini vilevile.

Shahidi mkuu, Rawson Macharia, mwaka 1958 aliapa kwamba alidanganya, kwamba aliahidiwa masomo Uingereza na malipo. Akashtakiwa kwa kiapo hicho cha kukiri uwongo, akafungwa. Yaani uwongo wa kwanza ulimpa safari, na kuukana kukampa jela. Mtunzi yeyote anayetafuta mhusika wa kumwandikia mchezo mzima asihangaike na Kenyatta. Amchukue Macharia, amkalishe peke yake kwenye chumba cha baridi huko Uingereza na barua kutoka nyumbani mezani, aone kama kalamu itasimama.

Je, wajua kwamba Pritt huyohuyo alimtetea na Mwalimu Nyerere? Mwaka 1958, Dar es Salaam. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye *Sauti ya TANU* maneno makali juu ya maofisa wawili wa serikali, akashtakiwa kwa kuwakashifu. Hukumu: faini ya shilingi 3,000 au miezi sita. Wengi walitegemea atachagua jela, kwa kuwa jela ilikuwa cheti cha uzalendo siku zile, ukitoka nayo unaheshimika kuliko mwenye digrii. Alilipa. Alikuwa na uchaguzi wa kuendesha, na jela haina masanduku ya kura.

Ni mtu huyohuyo aliyetupatia kesi inayosomwa kuliko zote katika Kiswahili. *Mabepari wa Venisi*, tafsiri yake ya Shakespeare ya mwaka 1969, ina kesi ya ratili ya nyama, na walimu wa sekondari wameitumia kwa vizazi kufundishia uigizaji wa mahakamani. Angalia jina. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu kaleta mabepari, kwa wingi. Hukumu kaitoa kwenye jalada.

Je, wajua kwamba *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka huohuo wa 1969, haina mahakama hata kidogo, na bado ina tukio la kukiri linalomshinda kila mwigizaji mzembe? Mwishoni Kinjeketile yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yake ya kukinga risasi yalikuwa uwongo. Anajua yaliyotokea. Anakataa kusema.

Haraka haraka: mchezo wa Kimathi ulionyeshwa Kenya National Theatre Oktoba 1976, baada ya mvutano mkali wa kupata siku za ukumbi, kwa maana maonyesho ya kigeni yalikuwa yameshatengewa nafasi nzuri. Usiku wa kwanza watazamaji walitoka wakicheza ngoma hadi barabarani. Kisha ukapelekwa Lagos, tamasha la FESTAC la mwaka 1977, pamoja na mchezo wa Francis Imbuga ambao wengi mnaujua kama *Usaliti Mjini*. Uganda nao walipeleka wao, wa Byron Kawadwa, mkuu wa ukumbi wa taifa wa Kampala. Kawadwa alirudi nyumbani, akachukuliwa na watu wa Idi Amin, akauawa. Ngũgĩ alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka huohuo, kwa mchezo mwingine, ule wa Kikuyu wa Kamĩrĩĩthũ. Akawekwa Kamiti, gereza alikonyongewa Kimathi.

Je, wajua kwamba washtakiwa wa Chicago hawakuwa saba? Walikuwa wanane. Filamu ya Aaron Sorkin ya mwaka 2020, inayosimulia kesi ya waliopinga vita vya Vietnam mwaka 1968, niliitazama Mtandire kwenye simu ya jirani, vipande vipande, umeme ukikatika na kurudi. Wa nane ni Bobby Seale wa Black Panther. Wakili wake alikuwa mgonjwa, akaomba kujitetea mwenyewe, Jaji Julius Hoffman akakataa. Seale hakuacha kudai haki yake. Tarehe 29 Oktoba 1969 jaji akaamuru afungwe minyororo kwenye kiti na kuzibwa mdomo, mbele ya baraza la mahakama.

Kwenye filamu jambo hilo linapita kwa dakika chache na mwendesha mashtaka anaona aibu. Kwa kweli liliendelea kwa siku kadhaa. Na ile tamati ya kupendeza, mshtakiwa Tom Hayden akisoma majina ya askari waliokufa na watu wakisimama kumpigia makofi, haikutokea hivyo. Aliyejaribu kusoma majina ni mshtakiwa mwenzake David Dellinger, miezi kadhaa kabla ya hukumu, na hakuachwa amalize. Simlaumu mtunzi kwa kupanga tarehe upya, wote hufanya hivyo. Ninachomlaumu ni makofi. Yaliyotokea kweli ndani ya ukumbi ule yalizidi uigizaji: washtakiwa wawili waliingia siku moja wamevaa majoho ya majaji.

Mambo ya Mikuyu yalituonyesha mtu asiye na kesi. Je, wajua kwamba Malawi pia ilikuwa na kesi iliyokuwa na kila kitu isipokuwa wakili? Orton Chirwa alikuwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini humu, na waziri wa sheria kabla hajatofautiana na Kamuzu mwaka 1964. Mkewe, Vera, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Malawi kuwa mwanasheria. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1981, wakiwa uhamishoni Zambia, walinyakuliwa pamoja na mtoto wao na kuingizwa Malawi. Mwaka 1983 walishtakiwa uhaini mbele ya mahakama ya jadi, mahakama ya machifu, ambako mawakili walikuwa marufuku.

Hebu liweke jukwaani hilo. Watu wawili waliosomea sheria wamesimama mbele ya mahakama isiyotaka wanasheria. Wanajitetea wenyewe. Wanaomba mashahidi kutoka nje ya nchi, wanakataliwa. Wanaonyeshwa nyaraka za mwandiko, Orton anasema ni za kughushi. Sioni sababu ya kuongeza neno la kubuni hapo, wala muziki. Walihukumiwa kifo. Mahakama ya rufaa ilikosoa mengi katika namna kesi ilivyoendeshwa, kisha ikaithibitisha hukumu hiyohiyo. Kelele za dunia zilipozidi, mwaka 1984 adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Wakakaa gereza moja, Zomba, miaka minane bila kuonana. Septemba 1992 wanasheria kutoka Uingereza waliruhusiwa kuwatembelea, na kwa ajili ya wageni hao mume na mke wakaketishwa chumba kimoja. Wiki chache baadaye, tarehe 20 Oktoba, Orton alifariki gerezani. Vera aliachiwa Januari 1993. Tukio la kile chumba cha wageni silioni likiigizwa na kijana wa miaka ishirini. Linahitaji wazee.

Je, wajua kwamba tamthilia kubwa kuliko zote za mahakamani nchini Malawi ilisikika redioni? Uchaguzi wa Mei 2019 ulifuatwa na miezi ya maandamano, Lilongwe, Blantyre, Mzuzu, kwa sababu karatasi za matokeo zilionekana zimefutwa kwa wino mweupe wa ofisini. Watu wakauita uchaguzi wa Tipp-Ex. Kesi ikasikilizwa hapa Lilongwe mbele ya majaji watano, redio zikiirusha moja kwa moja, na Mtandire ukipita kibanda cha vocha, kinyozi, fundi baiskeli, kote ni sauti moja: wakili anamkamua shahidi. Mwaka huohuo joto lilizidi hadi mahakama ikaruhusu majaji na mawakili wavue wigi na majoho. Kisha tarehe 3 Februari 2020 majaji walifika na fulana za kuzuia risasi, ndani ya gari la kivita la jeshi, wakasoma hukumu kwa karibu saa kumi. Uchaguzi ukafutwa. Uliporudiwa Juni, rais wa wakati huo, Peter Mutharika, profesa wa sheria, akashindwa.

Hukumu ile ilisomwa kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya mahakama kuu. Kwa kinyozi wangu kulikuwa na mwanafunzi mmoja akifasiri kwa Kichewa, na mama Mkongomani akimfasiria mumewe kwa Kiswahili kile cha Kichewa. Kila ngazi hukumu ilizidi kuwa fupi. Kwa mume ilifika neno moja: "Imefutwa."

Narudi Dzaleka. Je, wajua kwa nini vijana wa kambini huigiza mahojiano vizuri kuliko wa mjini? Kwa sababu wameshahojiwa. Kila familia iliyoomba ukimbizi imewahi kuketi mbele ya ofisa na kueleza kijiji, tarehe, nani aligonga mlango, mlikimbilia wapi. Na ofisa akarudia swali lilelile kwa njia nyingine ili aone kama jibu litabadilika. Hakuna shule ya uigizaji inayofundisha hivyo. Nilipomuuliza binti aliyecheza shahidi amejifunzia wapi kutulia vile kabla ya kujibu, alinitazama kama niliyeuliza maji yana rangi gani. "Yaya," akasema, "ukijibu haraka wanaona ulikariri."

Mchezo wao ulihusu mwandamanaji aliyekamatwa, nchi haikutajwa. Mshtakiwa anasema Kiswahili, jaji anasema Kichewa, katikati kuna mkalimani. Na hapo ndipo walipokuwa wamegombana wiki nzima, maana kila mtu alitaka nafasi ya mkalimani. Aliyeipata alikuwa mfupi, shati kubwa, kalamu sikioni. Mshtakiwa alisimama juu ya kreti akajieleza kirefu: alitoka asubuhi kutafuta unga, akakuta watu barabarani, akawauliza wanaelekea wapi, wakamwambia wanaenda kuuliza bei ya unga, naye akaona safari ni moja. Alisema dakika mbili nzima, vizuri, bila kupaza sauti.

Mkalimani akamgeukia jaji. "Akukana," akasema. Anakataa.

Watoto wa dirishani waliangua kicheko. Jaji akaandika neno hilo moja, taratibu, akaweka kalamu chini, akainua mchi ili atoe hukumu. Mama jirani akaingia, akaunyoosha mkono, akauchukua. Sombe lilikuwa limeshachambuliwa tangu saa tisa. Kesi ikaahirishwa hadi Jumamosi.